Errol Flynn: Steringi aliyekatazwa kuugua

WAPENZI wa sinema katika ukanda wetu huu wana msemo wao wa siku nyingi: steringi hafi. Risasi zitampita, upanga utamkosa, meli itazama lakini yeye ataogelea mpaka ufukweni. Picha ikikaribia kuisha utamwona amesimama wima na msichana wake pembeni, huku adui mkuu akiwa chini.

Kama kuna mtu mmoja aliyeufanya ulimwengu uamini hivyo, kwa maoni yangu ni Errol Flynn, nahodha wa maharamia katika filamu ya Captain Blood ya mwaka 1935. Wapo waliomtangulia, akiwamo Douglas Fairbanks aliyerukaruka juu ya milingoti katika The Black Pirate ya mwaka 1926, enzi za sinema zisizo na sauti. Wapo pia waliomfuata, kama Burt Lancaster na The Crimson Pirate ya mwaka 1952. Lakini akitajwa haramia wa kwenye sinema, mwenye upanga mkononi na kicheko mdomoni, sura inayowajia kwanza wazee wa sinema ni ya Flynn.

Nasimulia maisha yake leo kwa sababu moja. Mtu huyo aliyeigiza ushujaa miaka nenda miaka rudi alikuwa mgonjwa. Alikuwa na malaria iliyokuwa ikimrudia, kifua kikuu na moyo mbovu, na waliokuwa wakimlipa mshahara hawakutaka dunia ijue. Nadhani siri hiyo ilimdhuru sawasawa na pombe na anasa ambazo kila anayemwandika huanza nazo.

Mtoto wa mwanasayansi

Errol Leslie Thomson Flynn alizaliwa Juni 20, 1909 katika mji wa Hobart, kwenye kisiwa cha Tasmania, kusini kabisa mwa Australia. Baba yake, Theodore Thomson Flynn, alikuwa mwanabiolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Tasmania hadi akawa profesa. Mwaka 1931 mzee huyo alihamia Belfast, Ireland ya Kaskazini, kufundisha Chuo Kikuu cha Queen's.

Mtoto hakufuata nyayo hizo. Alikuwa mwerevu na alipenda kusoma, lakini darasa lilimshinda. Alifukuzwa shule zaidi ya moja, na masomo yake yakaishia Sydney akiwa bado kijana mdogo.

Mwaka 1927, akiwa na miaka 18, alivuka bahari kwenda New Guinea, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Australia. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa milimani na vijana wengi wa Kizungu walikimbilia huko kutafuta utajiri wa haraka. Flynn alijaribu kazi ya serikali, haikudumu. Akasimamia shamba la tumbaku pale Laloki, karibu na Port Moresby. Akachimba dhahabu. Akaendesha mashua. Mwaka 1930 yeye na wenzake walisafiri kutoka Sydney hadi New Guinea kwa mashua ya matanga iliyoitwa Sirocco, na safari hiyo ndiyo aliyoiandikia kitabu, Beam Ends, kilichotoka mwaka 1937.

Ipo kazi nyingine ambayo aliisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake. Alikuwa akikusanya vijana vijijini na kuwapeleka kwa mkataba kufanya kazi kwa wazungu, naye analipwa kwa kichwa. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapo. Manamba waliojaza mashamba ya mkonge ya Tanganyika walikusanywa kwa mtindo unaofanana na huo. Nalitaja jambo hili kwa sababu miaka michache baadaye kijana huyo huyo alijulikana duniani kwa kuigiza mtu aliyeuzwa sokoni.

New Guinea ilimpa pia malaria. Haikumwacha tena.

Kutoka maiti hadi nahodha

Sinema ilimkuta kwa bahati. Mwongozaji wa Australia, Charles Chauvel, alikuwa akitengeneza picha kuhusu mabaharia walioasi katika meli ya Bounty, na akampa Flynn nafasi ya kiongozi wa waasi, Fletcher Christian. Picha hiyo, In the Wake of the Bounty, ilionyeshwa mwaka 1933. Haikumpa umaarufu, lakini ilimwonyesha njia.

Akaenda Uingereza na kujiunga na kundi la maigizo la mji wa Northampton, ambako kwa miezi kadhaa alijifunza kusimama jukwaani. Mwaka 1934 alipata nafasi katika picha iliyotengenezwa na tawi la kampuni ya Warner Brothers lililokuwa Teddington, karibu na London. Waliokuwa pale waliona kijana mrefu, mwenye sura na mwili wa kuigwa, wakampeleka Hollywood.

Hapo inafaa nieleze mambo yalivyokuwa. Siku hizo mwigizaji wa Hollywood alikuwa mwajiriwa. Alitia saini mkataba ambao kwa kawaida ulifika miaka saba, akalipwa kwa wiki, na kampuni ndiyo iliyoamua acheze picha gani, na nani na lini. Akikataa, anasimamishwa bila malipo, na siku za kusimamishwa zinaongezwa mwishoni mwa mkataba. Kampuni ilikuwa pia na idara nzima ya kutunga habari zake magazetini. Kwa Flynn idara hiyo ilianza mapema: ikamtangaza kuwa ni Mwairishi, kwa kuwa Tasmania haikuwa na mvuto.

Kazi yake ya kwanza Hollywood ilikuwa ya kuchekesha. Katika The Case of the Curious Bride ya mwaka 1935, alicheza maiti, na kuonekana akiwa hai kwa muda mfupi tu katika sehemu ya kukumbuka yaliyopita. Mwongozaji wa picha hiyo alikuwa Michael Curtiz, mzaliwa wa Budapest, Hungaria, aliyefika Marekani mwaka 1926. Kumbuka jina hilo.

Wakati huo picha za mapanga na mavazi ya kale zilikuwa zimeanza kupendwa upya. The Count of Monte Cristo na Treasure Island, zote za mwaka 1934, zilikuwa zimeingiza fedha. Warner walikuwa na haki za riwaya ya Captain Blood iliyoandikwa na Rafael Sabatini mwaka 1922, wakaamua kuitengeneza upya kwa sauti. Walimtaka Robert Donat, Mwingereza aliyeng'ara katika Monte Cristo. Donat akajitoa. Majina mengine yakafikiriwa na kuachwa, na mwishowe wakuu wa kampuni, Jack Warner na Hal Wallis, wakafanya jambo ambalo wafanyabiashara hulifanya mara chache. Picha iliyogharimu zaidi ya dola milioni moja wakampa kijana wa miaka 26 ambaye hakuna aliyemjua, pamoja na msichana wa miaka 19, Olivia de Havilland, ambaye naye alikuwa ndiyo kwanza anaanza.

Jinsi picha ilivyotengenezwa

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1685 Uingereza kuna uasi dhidi ya Mfalme James wa Pili. Daktari Peter Blood, mtu asiyetaka vita, anaitwa usiku kumtibu mwasi aliyejeruhiwa. Anakamatwa na kuhukumiwa kama mwasi, kisha anasafirishwa hadi Port Royal, Jamaika, na kuuzwa kuwa mtumwa. Anatoroka na wenzake, wanateka meli ya Wahispania na kuwa maharamia.

Msingi wa kisa hicho ni wa kweli. Baada ya uasi ule, mamia ya wafungwa wa Kiingereza walipelekwa visiwa vya Karibi kutumikishwa. Lakini nikiiangalia picha hii kuna jambo linanikera. Katika mashamba ya miwa ya Jamaika ya mwaka 1685 Waafrika walikuwa wengi kuliko Wazungu. Kwenye picha karibu hawaonekani. Uchungu wa utumwa umekabidhiwa kwa mzungu mwenye sura nzuri, na watazamaji wa Marekani ya mwaka 1935 wakaweza kuulilia bila kuulizwa swali lolote kuhusu nyumbani kwao.

Hata hivyo kazi iliyofanyika ni kubwa. Curtiz alikuwa mkali kupita kiasi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, hakupenda mapumziko ya chakula, na alimfokea Flynn mbele ya watu. Lakini alijua kuifanya kamera itembee na kivuli kisimulie. Kijana alianza akiwa na woga. Alipopata ujasiri, baadhi ya sehemu za mwanzo zilipigwa upya ili asionekane watu wawili tofauti katika picha moja. Katikati ya kazi hiyo malaria ilimrudia. Kazi iliendelea.

Meli nyingi unazoziona zikipigana ni vielelezo vidogo vilivyoelea kwenye bwawa la studio. Vipande vingine vya vita vya baharini vilichukuliwa kutoka kwenye picha za zamani zisizo na sauti. Mtazamaji hajui, kwa sababu Curtiz aliviunganisha na watu halisi waliojazana juu ya sitaha, moshi, kamba na kelele za mizinga.

Pambano la Flynn na Basil Rathbone, aliyecheza haramia wa Kifaransa Levasseur, lilipigwa ufukweni Laguna, California. Aliyewafundisha ni Fred Cavens, Mbelgiji aliyewahi kufanya kazi na Fairbanks katika The Black Pirate. Cavens aliamini kwamba pigo la upanga kwenye sinema lazima liwe kubwa na wazi ili hata anayekaa kiti cha nyuma alione. Kichekesho ni kwamba Rathbone ndiye aliyekuwa fundi wa upanga kweli. Flynn hakuwa na mafunzo hayo, alikuwa na wepesi wa mwili tu. Lakini Rathbone aliuawa na Flynn hapa, na akauawa naye tena mwaka 1938 katika The Adventures of Robin Hood.

Muziki uliandikwa na Erich Wolfgang Korngold, Myahudi wa Austria ambaye alijulikana Vienna tangu akiwa mtoto kwa kipaji cha ajabu cha kutunga. Alipewa wiki tatu hivi. Muda ulipomwishia alichukua sehemu za muziki wa Franz Liszt kuziba pengo, kisha kwa uungwana akakataa kuandikwa kuwa mtunzi wa muziki wote. Jina lake likatokea kama mpangaji tu. Hata hivyo muziki ule wa tarumbeta na vinanda ndio uliokuwa kielelezo cha picha za maharamia kwa miongo mingi iliyofuata.

Captain Blood ilitoka Desemba 1935. Iliingiza fedha nyingi na kuteuliwa kuwania Oscar ya picha bora. Flynn akalala hajulikani, akaamka akiwa steringi.

Miaka ya neema

Kati ya mwaka 1935 na 1941 Flynn na Curtiz walifanya picha 12 pamoja. Na Olivia de Havilland alicheza picha nane. Katika The Charge of the Light Brigade ya mwaka 1936 farasi wengi waliangushwa kwa waya zilizotegwa, na baadhi wakafa. Flynn, aliyependa wanyama, alikasirika na kulalamika wazi. Ni moja ya mambo ninayomhesabia kwa wema.

Robin Hood ya mwaka 1938 ilikuwa ya rangi na iligharimu karibu dola milioni mbili. Korngold aliitwa kutoka Vienna mapema mwaka huo kuiandikia muziki. Machi, akiwa Hollywood, majeshi ya Hitler yaliingia Austria na mali zake kule zikachukuliwa. Familia yake ya karibu iliwahi kutoka. Baadaye aliwaambia watu kwamba picha ile iliokoa maisha yake, na alipata Oscar kwa muziki wake.

Mwaka 1940 ikaja The Sea Hawk, ambayo kwangu mimi ni bora hata kuliko Captain Blood. Safari hii Warner hawakutegemea vielelezo pekee. Walijenga jengo jipya lenye bwawa kubwa, na ndani yake wakaweka meli mbili za ukubwa wa kweli, kubwa kati ya hizo ikiwa na urefu wa mita 50 hivi. Flynn anacheza nahodha wa Malkia Elizabeth wa Kwanza anayewavamia Wahispania baharini. Anakamatwa Panama na kufungwa minyororo kwenye makasia ya meli ya adui. Mara ya pili akawa mtumwa, mara ya pili akakata minyororo.

Waandishi wake, Howard Koch na Seton Miller, walijua wanachofanya. Mfalme wa Hispania anaonyeshwa akiitamani ramani nzima ya dunia, na mwishoni Malkia anawahutubia mabaharia kwa maneno ambayo kila Mwingereza wa mwaka 1940, aliyekuwa akisikia ndege za Wajerumani juu ya paa lake, aliyaelewa mara moja. Flynn akawa sura ya watu waliosimama peke yao dhidi ya Hitler. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Jeshi lamkataa

Marekani iliingia vitani Desemba 1941. Waigizaji wengi walivaa magwanda, na mwaka 1942 Flynn akapata uraia wa Marekani na kujitokeza aandikishwe. Madaktari wa jeshi walimpima na kumkataa. Moyo ulikuwa na hitilafu, mapafu yalikuwa na kifua kikuu, malaria ilikuwa haijatoka damuni, na mgongo ulikuwa ukimuuma kiasi kwamba alikuwa ameanza kutumia mofini.

Mwaka huo huo alikuwa akitengeneza Gentleman Jim, akimwigiza James Corbett, bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu. Katikati ya kazi akaanguka kwa shambulio dogo la moyo. Watu walioingia kuitazama picha hiyo waliona bondia asiyechoka.

Warner walikuwa na njia mbili. Kusema ukweli kwamba mtu wao ni mgonjwa, au kunyamaza. Wakanyamaza, kwa sababu steringi mwenye moyo mbovu hauziki. Matokeo yake Flynn aliendelea kuonekana kwenye sinema akiua Wajerumani na Wajapani, huku magazeti na watu mitaani wakiuliza kwa nini kijana mwenye nguvu kama huyo hayuko mstari wa mbele. Aliitwa mwoga, naye hakuweza kujibu.

Wakati huo huo likaibuka jambo ambalo halikufichika. Alishtakiwa kwa kufanya mapenzi na wasichana wawili wadogo, na sheria ya California iliweka umri wa ridhaa kuwa miaka 18. Kesi ilisikilizwa mwanzoni mwa mwaka 1943. Wakili wake, Jerry Giesler, aliwahoji wasichana hao kwa ukali kuhusu maisha yao binafsi, na Februari 6 jopo la raia lilimwachia huru Flynn. Mitaani suala hilo likageuzwa utani, na jina lake likazidi kuuza tiketi.

Sisemi hivyo kumtetea. Mahakama ilimwachia, lakini mtu aliyependa wasichana wadogo kiasi kile hakuwa akisingiziwa tabia. Miaka yake ya mwisho aliimaliza na msichana ambaye uhusiano wao ulianza akiwa na miaka 15. Ninachosema ni kwamba tazama kampuni ilichoona ni aibu na ilichoona ni biashara. Uhuni uliuza, ukaachwa utangae. Ugonjwa haukuuza, ukafichwa.

Mwaka 1945 siri hiyo ilimrudia vibaya. Katika Objective, Burma! Flynn anaongoza kikosi cha Wamarekani nyuma ya mistari ya Wajapani. Waingereza walikasirika, kwa sababu vita ya Burma ilipiganwa zaidi na jeshi lao la 14. Picha iliondolewa London baada ya siku chache na haikuonyeshwa tena Uingereza hadi mwaka 1952. Lawama zilimwangukia mwigizaji ambaye hakuandika hata mstari mmoja wa hadithi ile. Na sisi tungekuwa na haki ya kuungana na Waingereza kulalamika, maana askari wa KAR kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika walitembea bonde la Kabaw kwenye matope na malaria mwaka 1944, na hakuna aliyewaona kwenye picha hiyo.

Olivia de Havilland alichagua njia nyingine. Mwaka 1943 aliwapeleka Warner mahakamani, akidai kwamba miaka saba ni miaka saba, haiwezi kurefushwa kwa siku za kusimamishwa. Mwishoni mwa 1944 alishinda, na hukumu hiyo iliwafungua waigizaji wote wa Hollywood. Alikufa Paris mwaka 2020 akiwa na miaka 104. Mara nyingi najiuliza maisha ya Flynn yangekuwaje kama naye angekuwa na ujasiri huo wa mahakamani, badala ya ule wa kwenye kamba za meli.

Nahodha bila studio

Flynn na Curtiz walikuwa wameachana mwaka 1941 kwa ugomvi na hawakufanya kazi pamoja tena. Curtiz akatengeneza Casablanca na kupata Oscar. Flynn akanunua meli ya matanga, Zaca, mwaka 1946, na upepo ukamfikisha Jamaika, ile ya kweli sasa. Alipapenda Port Antonio, akanunua kisiwa kidogo cha Navy na ardhi nyingine. Wenyeji wanamkumbuka kwa kuwavutia wageni kwenye safari za mitumbwi ya mianzi katika mto Rio Grande, mitumbwi ambayo zamani ilibeba ndizi.

Mwaka 1952 alirudi kwenye uharamia na Against All Flags, ambayo kisa chake kiko katika bahari yetu hii ya Hindi, kwenye ngome ya maharamia Madagascar. Ilipigwa Marekani, na Flynn alivunjika kifundo cha mguu kazini. Ndoa ya Warner na Flynn ikaisha mwaka uliofuata. Akaenda Italia, akaingiza fedha zake mwenyewe katika picha kuhusu William Tell, fedha zikaisha kabla picha haijakamilika.

Kisha akafanya jambo ambalo watu wengi hawalijui. Katika The Sun Also Rises ya mwaka 1957 na nyingine mbili za mwaka 1958, alicheza walevi waliochoka. Mojawapo, The Roots of Heaven ya John Huston, ilipigwa Afrika ya Kati iliyokuwa chini ya Ufaransa, na inamhusu mtu anayepigania tembo wasiuawe. Joto lilikuwa kali na watengenezaji wengi waliugua. Ukimwangalia Flynn humo unamwona mtu mwenye miaka 49 anayeonekana kuwa na 65. Wahakiki waliandika kwamba sasa amejua kuigiza. Mimi naona kwamba kwa mara ya kwanza aliruhusiwa kuonekana mgonjwa.

Oktoba 1959 alisafiri hadi Vancouver, Kanada, kumkodisha mtu meli yake, kwa kuwa alihitaji fedha. Tarehe 14 mgongo ulimzidia akapelekwa kwa daktari. Alikaa akipiga soga na waliokuwepo, akachekesha watu, kisha akaenda kujilaza. Moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 50, na waliopasua maiti walikuta viungo vya mzee. Kitabu cha maisha yake, My Wicked, Wicked Ways, kilitoka baada ya kifo chake.

Mwanawe wa pekee wa kiume, Sean, aliyezaliwa na mke wake wa kwanza Lili Damita, alijaribu kuvaa viatu vya baba mwaka 1962 katika The Son of Captain Blood. Havikumtosha. Katika miaka hiyo ya 1960 alikuja Afrika Mashariki akafanya kazi ya kuongoza wawindaji, kisha akawa mpigapicha wa vita Vietnam. Aprili 6, 1970 alitekwa Kambodia na hakuonekana tena. Aliutafuta ushujaa halisi ambao baba yake alisutwa kwa kutokuwa nao, na ushujaa halisi hauna mwongozaji wa kusema inatosha.

Flynn alizikwa Forest Lawn, Glendale, California. Miaka mitatu baadaye Michael Curtiz naye akazikwa makaburi hayo hayo. Watu wawili walioacha kuzungumza mwaka 1941 wamelala jirani.

Kwetu pia wapo wanaume wengi wanaoishi kama steringi. Kifua kinabana wanasema ni uchovu, sukari inapanda wanasema ni mawazo, na hospitali wanapelekwa wakiwa wamebebwa, kwa sababu nyumba nzima imezoea kuwaona wamesimama. Flynn alilipwa ili afiche ugonjwa wake. Wao wanaficha bure. Ukipata nafasi itafute Captain Blood uitazame, ni picha ya kufurahisha sana hata leo. Lakini pale anaporuka kutoka meli moja hadi nyingine huku anacheka, kumbuka kwamba huenda anayeruka ana homa.